Mkuu wa nani? Kusoma vyeo vya viongozi wa nchi na wa dunia

Kila vita vinapozuka, swali hili halichelewi: "Huyu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ana kazi gani? Si awaamuru waache?" Nimelisikia kwa wazee, nimelisikia kwa wanafunzi, na nimelisikia kwa watu wanaofuatilia habari asubuhi na jioni. Anayeuliza huwa na uchungu wa kweli. Ameona watoto wakitolewa kwenye vifusi na anamtafuta mkubwa wa kumlaumu. Naiheshimu hasira hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba inabisha hodi mlango usio wake, na wenye mlango hasa wanashukuru kuiona ikipita.

Sehemu ya mkanganyiko imo ndani ya lugha yetu wenyewe. Tuna neno "mkuu", na tumeligawa kwa ukarimu: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali, Waziri Mkuu, Katibu Mkuu, Amiri Jeshi Mkuu. Sikio likishanasa "mkuu" huacha kusikiliza neno lililotangulia. Katibu, kwa asili yake, ni mwandishi: mtu wa kalamu na karatasi anayeandika walichoamua wengine. Waziri ni msaidizi anayebeba mzigo pamoja na mkubwa wake. Hata ukishalijua hilo, cheo peke yake bado hakitoshi, kwa sababu vyeo viwili vyenye jina lilelile vinaweza kupishana kwa nguvu kama mto na kijito.

Aprili 1922 chama cha Kikomunisti cha Urusi kilimteua Joseph Stalin kuwa Katibu Mkuu. Wenzake waliokuwa mafundi wa hotuba na nadharia waliiona kuwa kazi ya ofisini tu: kuandaa ajenda, kutunza mafaili, kuwapangia wanachama vituo vya kazi. Lakini anayeamua nani akaongoze chama mkoa gani ndiye anayeujaza mkutano mkuu watu wake, na mkutano huo ndio unaoamua nani abaki na nani aondoke. Kufika 1929 Leon Trotsky, aliyekuwa maarufu kuliko Stalin, alikuwa amefukuzwa nchini. Tangu hapo, katika nchi zilizofuata mfumo huo, Katibu Mkuu wa chama akawa mkubwa kuliko rais. Xi Jinping ni Rais wa China, ni kweli, lakini nguvu zake zinatoka kwenye ukatibu mkuu wa chama alioupata 2012 na kwenye uenyekiti wa tume ya kijeshi. Deng Xiaoping aliiongoza China katika miaka ya 1980 bila kuwa rais wala waziri mkuu hata siku moja.

Sasa mweke Katibu Mkuu huyo wa chama kando ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Jina ni moja. Kinachowatenganisha kinaonekana ukiuliza swali ambalo mimi nimezoea kumuulizia kila kiongozi kabla ya kumsifu au kumlaumu: nani anaweza kumwondoa? Stalin alikuwa amewateua wale ambao wangeweza kumwondoa. Mwenzake wa Umoja wa Mataifa amesimama upande wa pili kabisa. Waliomweka wako juu yake, na kati yao wapo watano ambao kila mmoja, peke yake, anatosha kumzuia asipate muhula mwingine.

Karatasi za rangi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, katika kifungu cha 97, unasema Katibu Mkuu huteuliwa na Baraza Kuu kwa pendekezo la Baraza la Usalama. Maneno matatu ya kawaida, "kwa pendekezo la", ndiyo yenye uzito wote. Baraza Kuu lina nchi 193 na kila nchi ina kura moja, iwe China au Tuvalu. Baraza la Usalama lina nchi 15, na tano kati yake, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, zina kura ya turufu. Pendekezo linahitaji kura 9 bila mmoja wa watano hao kupinga. Desturi iliyojengeka ni kwamba Baraza la Usalama hupeleka jina moja tu, na Baraza Kuu hulipitisha. Nchi 193 hupokea kilichokwisha kupikwa na 15, na kati ya hizo 15 wapo watano wenye uwezo wa kumwaga chungu chote.

Kisa cha 1981 kinaonyesha mambo haya kuliko maelezo yoyote. Kurt Waldheim wa Austria alikuwa amemaliza mihula miwili na anataka wa tatu. Aliyejitokeza kumkabili ni Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar, aliyekuwa balozi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa kwa miaka kumi, akaongoza kikao cha Baraza Kuu cha 1979, na wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania. Afrika ilimuunga mkono. Kwa sifa za kazi, ni wachache duniani waliokuwa wameijua nyumba ile kama yeye.

Upigaji kura ulianza mwishoni mwa Oktoba. China ilimzuia Waldheim kwa turufu, ikisema zamu ni ya nchi za ulimwengu wa tatu. Marekani ikamzuia Salim. Miaka kumi kabla, tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu lilikuwa limeipa serikali ya Beijing kiti cha China dhidi ya matakwa ya Marekani, na Tanzania, Salim akiwa balozi wake, ilikuwa mstari wa mbele kuitetea Beijing. Mwaka 1981 China ilikumbuka wema, na Washington ilikumbuka machungu. Duru ya kwanza, hakuna mshindi. Ya pili, hakuna. Zikafika duru 16, wagombea wawili wamekabana kama fahali kwenye daraja jembamba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anapimwa kwa uwezo wake.

Desemba uenyekiti wa Baraza, ambao huzunguka kila mwezi, ukamfikia Olara Otunnu wa Uganda. Yeye ndiye aliyewashawishi wote wawili wakae pembeni, kisha akaleta utaratibu wa kura za majaribio: kila mjumbe apewe karatasi yenye majina na aonyeshe nani anamkubali na nani hamtaki, ili ijulikane mapema nani atagonga mwamba. Hapo ndipo akapatikana Javier Pérez de Cuéllar wa Peru, mwanadiplomasia asiye na makeke, aliyechaguliwa kwa sababu hakuna mkubwa aliyekuwa na sababu ya kumkataa.

Utaratibu huo bado upo. Wajumbe huweka alama moja kati ya tatu kwa kila mgombea: kumhimiza, kutomhimiza, au kutokuwa na maoni. Mwanzoni karatasi zote hufanana. Ikifika hatua ya mwisho, karatasi za wale watano hupewa rangi tofauti, ili wote waone kama alama ya kukataa imetoka kwa mwenye turufu. Mgombea anaweza kuwa na alama 14 za kumhimiza, lakini ile moja kwenye karatasi ya rangi ikamfunga mdomo. Haya si mambo ya kufikirika. Novemba 1996 Boutros Boutros-Ghali wa Misri aliomba muhula wa pili akapata kura 14. Kura ya 15 ilikuwa ya Marekani. Akaondoka, na Kofi Annan wa Ghana akachukua nafasi.

Turudi kwa yule anayeuliza kwa nini Katibu Mkuu haamuru. Hana jeshi. Wanajeshi wa kofia za buluu, wale wa kulinda amani, ni wa nchi wanachama, na hupelekwa kwa azimio la Baraza la Usalama. Silaha kubwa aliyopewa na Mkataba ni kifungu cha 99, kinachomruhusu kulipelekea Baraza jambo analoona linatishia amani ya dunia. Tarehe 6 Desemba 2023 António Guterres alikitumia kuhusu Gaza, hatua inayochukuliwa kwa nadra sana. Siku mbili baadaye rasimu ya azimio la kusitisha mapigano ilipata kura 13, Uingereza ikajizuia, Marekani ikapiga turufu. Februari 2022, siku moja baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, rasimu ya kulaani uvamizi ilipata kura 11, na Urusi ikaiua kwa turufu yake yenyewe.

Mara zote mbili, jina la aliyezuia liliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, wazi, kwa mwenye macho kulisoma. Ndiyo maana nalishikilia jambo hili kwa nguvu. Lawama ikimwangukia asiye na uwezo, mwenye uwezo hulala usingizi mnono. Nchi tano zimeishi miaka mingi nyuma ya kivuli cha mtu mmoja anayeitwa "mkuu".

Anayelala ikulu na anayeongoza

Ndani ya nchi mambo yana sura nyingine, ingawa swali ni lilelile. Kwanza kuna tofauti ya mkuu wa nchi na mkuu wa serikali. Mkuu wa nchi hubeba utu wa taifa: hupokea mabalozi, husaini sheria, huapisha. Mkuu wa serikali huendesha mambo. Marekani, Kenya na Brazili vyote viwili vimekaa kwa mtu mmoja. Uingereza, Mfalme ana la kwanza na Waziri Mkuu ana la pili. Ujerumani, India na Ethiopia zina rais, lakini anayeongoza serikali ni kansela au waziri mkuu, na ndiyo maana si wengi nje ya nchi hizo wanaoweza kumtaja rais wake.

Uingereza mpiga kura humchagua mbunge wa jimbo lake tu. Waziri Mkuu ni yule anayeweza kusimama akiwa na wabunge walio wengi nyuma yake, na siku wakimwacha, hana pa kusimama. Margaret Thatcher alishinda chaguzi kuu tatu mfululizo, 1979, 1983 na 1987, na Novemba 1990 akaangushwa na chama chake mwenyewe bila mwananchi mmoja kupiga kura. Liz Truss aliingia tarehe 6 Septemba 2022 na kutoka tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo. Wengi walishangaa: demokrasia gani hii, mtu anaingia na kutoka na wananchi wanatazama? Lakini mfumo ulifanya kazi kama ulivyoundwa. Wabunge ndio waajiri wake, na waajiri walibadili mawazo.

Hatari ya utaratibu huo ni kwamba kubomoa ni rahisi kuliko kujenga. Wajerumani wanaijua hatari hiyo hadi kwenye mifupa. Septemba 1932 bunge lao lilipiga kura 512 kwa 42 kutokuwa na imani na serikali ya Franz von Papen. Wanazi na Wakomunisti, maadui wa kufa na kupona, waliungana kuiangusha, lakini hawakuwa na uwezo wala nia ya kukaa pamoja kuunda nyingine. Miezi minne baadaye Adolf Hitler alikuwa kansela.

Walioandika katiba ya Ujerumani Magharibi ya 1949 waliyaona yote hayo kwa macho yao, wakaweka kifungu cha 67: bunge haliwezi kumwondoa kansela isipokuwa kwa kumchagua mrithi wake katika kura hiyohiyo. Huna wa kumweka, huna ruhusa ya kumtoa. Mwaka 1972 wapinzani wa kansela Willy Brandt walijaribu wakapungukiwa kura mbili. Tarehe 1 Oktoba 1982, mjini Bonn, ikawa. Chama kidogo cha Waliberali kilikuwa kimejitoa kwenye serikali ya mseto ya Helmut Schmidt na kuhamia upande wa Helmut Kohl. Wabunge 256 wakasema ndiyo, 235 wakasema hapana, 4 wakajizuia. Matokeo yaliposomwa, Schmidt alimwendea Kohl pale ukumbini akampa mkono wa pongezi. Ndani ya dakika chache nchi ilikuwa na kiongozi mwingine, hakuna pengo, hakuna risasi, hakuna wiki za kukisia. Kohl alikaa madarakani miaka 16. Katika kanuni zote za kuondoa viongozi ninazozijua, hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu inamlazimisha anayepinga aonyeshe kwanza alichonacho mkononi.

Ufaransa ina mtindo wa mchanganyiko: rais anachaguliwa na wananchi, waziri mkuu anateuliwa na rais lakini anaweza kuangushwa na bunge. Desemba 2024 wabunge 331 walimwangusha Michel Barnier baada ya miezi mitatu tu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1962. Emmanuel Macron alibaki Ikulu, kwa kuwa kura ile haimgusi rais.

Kisha kuna marais ambao ni marais kwa jina na mawaziri wakuu kwa muundo. Afrika Kusini wananchi hawampigii rais kura moja kwa moja, bali humchagua kupitia wabunge wao, na wabunge wanatoka kwenye orodha za vyama. Thabo Mbeki alipoteza uongozi wa chama cha ANC kwa Jacob Zuma kule Polokwane Desemba 2007. Aliendelea kuwa rais wa nchi, lakini tawi alilokalia lilikuwa limeshakatwa. Septemba 2008 halmashauri kuu ya chama iliamua kumwita nyumbani, na siku iliyofuata alionekana kwenye televisheni akitangaza kujiuzulu. Bunge halikuwa limepiga kura yoyote. Halikuhitaji, kwa sababu kila mtu aliweza kuhesabu.

Rais wa Marekani anaitwa rais vilevile, lakini kumng'oa ni kazi nzito. Baraza la Wawakilishi linaweza kumshtaki kwa wingi wa kawaida, ila Seneti lazima imtie hatiani kwa theluthi mbili. Andrew Johnson aliponea chupuchupu 1868: kura 35 dhidi yake, 19 upande wake, pungufu ya kura moja tu. Bill Clinton alishtakiwa 1998, Donald Trump 2019 na tena 2021. Hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Richard Nixon hakufika huko. Agosti 1974 wakubwa wa chama chake walimwendea na kumweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo, naye akajiuzulu. Hivyo hata pale katiba inapojenga ukuta mrefu, mara nyingi anayefungua geti ni mtu wa ndani ya chama chake.

Wenyeviti wawili, nyumba moja

Februari 2025 kulikuwa na shamrashamra kubwa kuhusu uchaguzi wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa. Raila Odinga wa Kenya, Mahmoud Ali Youssouf wa Jibuti na Richard Randriamandrato wa Madagaska waligombea kiti ambacho baadhi ya mashabiki walikiita "urais wa Afrika". Hakuna kiti kama hicho. Umoja wa Afrika una Mwenyekiti wa Umoja, ambaye ni rais au waziri mkuu aliyeko madarakani kwake na huzunguka kila mwaka; halafu una Mwenyekiti wa Kamisheni, anayekaa Addis Ababa kwa muhula wa miaka minne na kuendesha shughuli za kila siku. Walichokuwa wakigombea ni hiki cha pili. Wapiga kura ni wakuu wa nchi, kwa siri, na mshindi lazima afikishe theluthi mbili. Youssouf alishinda duru ya 7 kwa kura 33.

Baada ya shangwe, mshindi anarithi ofisi isiyoweza kumwamuru rais yeyote. Anaweza kushauri, kusuluhisha, kukemea kwa lugha ya staha na kupeleka ripoti kwa walewale waliomchagua. Nikisikia watu wakisema Kamisheni "imeshindwa" kuzuia mapinduzi, huwa nauliza ilipewa nini cha kuyazuia.

Umoja wa Ulaya nao una viti vinavyofanana majina: Rais wa Baraza la Ulaya, anayeongoza vikao vya wakuu wa nchi, na Rais wa Kamisheni. Tofauti ni kwamba Kamisheni ya Ulaya ina meno. Inaandaa rasimu za sheria zinazozifunga nchi wanachama, na inaweza kuipeleka serikali mahakamani. Kwa kuwa ina meno, imewekewa pia mwenye kuishika shingo: Rais wake hupendekezwa na wakuu wa nchi, kisha lazima apitishwe na Bunge la Ulaya kwa wingi wa wabunge wote. Mwaka 2019 Ursula von der Leyen alihitaji kura 374 akapata 383. Na bunge hilo linaweza kuiondoa Kamisheni nzima. Machi 1999 Kamisheni ya Jacques Santer ilijiuzulu yote baada ya ripoti ya ubadhirifu na upendeleo, kabla kura ya kuiondoa haijapigwa.

Mwenye mfuko

Yapo mashirika ambayo kura hazihesabiwi kwa vichwa bali kwa fedha. Shirika la Fedha la Kimataifa ni mfano mkubwa. Kila nchi ina mgawo wa mtaji, na kura hufuata mgawo. Marekani ina takriban asilimia 16.5 ya kura. Huenda ukasema si nyingi. Lakini maamuzi makubwa, kama kubadili migawo yenyewe, yanahitaji asilimia 85. Piga hesabu: wengine wote wakikubaliana, wanafika 83 na nusu. Nchi moja imekalia kufuli, na kufuli hiyo haiwezi kubadilishwa bila idhini yake.

Juu ya hapo kuna makubaliano yasiyoandikwa popote kwamba mkurugenzi wa Shirika la Fedha atoke Ulaya na rais wa Benki ya Dunia atoke Marekani. Imekuwa hivyo kwa kila aliyechaguliwa tangu taasisi hizo zianze kazi miaka ya 1940. Mwaka 2012 Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, waziri wa fedha aliyewahi kuwa mkurugenzi mtendaji ndani ya Benki hiyohiyo, aligombea urais wake. Akachaguliwa Mmarekani Jim Yong Kim. Miaka minane baadaye mama huyu akagombea Shirika la Biashara Duniani, ambalo huamua kwa makubaliano ya wote. Karibu wote walimkubali, lakini Oktoba 2020 serikali ya Trump ilikataa, na kukataa kwake kulitosha kusimamisha shughuli nzima. Serikali ikabadilika Washington, pingamizi likaondolewa, na Machi 2021 akaanza kazi Geneva. Sifa zake zilikuwa zilezile Oktoba na Machi.

Shirika la Afya Duniani lina sura nyingine ya jambo hilo. Kwa miaka mingi michango ya lazima ya nchi wanachama haikufika hata sehemu ya tano ya mapato yake. Iliyobaki ni ya hiari, na nyingi huja na maelekezo: hizi ni za ugonjwa huu, zile za mradi ule. Mkurugenzi Mkuu anaweza kujua kabisa ni maradhi gani yanayoua zaidi mahali fulani, na bado akakuta fedha alizonazo zimefungwa kwenye jambo jingine.

Kama bado unadhani mwajiri wa viongozi hawa ni "dunia", tazama yaliyompata José Bustani, Mbrazili aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Kupiga Marufuku Silaha za Kemikali, lenye makao The Hague. Mei 2000 nchi wanachama zilimwongezea muhula bila hata mmoja kupinga. Kisha akawa anajitahidi kuishawishi Iraki ijiunge na mkataba, jambo ambalo lingefungua mlango wa ukaguzi, wakati Marekani ilikuwa inaelekea vitani na Iraki. Marekani ilimtuhumu kwa usimamizi mbovu na kutaka aondoke. Yeye alikataa. Aprili 2002 kikaitishwa kikao maalumu: kura 48 za kumwondoa, 7 za kumbakiza, na 43 zilizojizuia. Namba inayoniumiza ni hiyo ya mwisho. Nchi 43 zilikaa kimya mbele ya mtu waliyemchagua kwa kauli moja miaka miwili kabla. Mwaka 2003 mahakama ya kiutawala ya Shirika la Kazi Duniani iliamua kwamba kumwondoa kulikuwa kinyume cha sheria na kuamuru alipwe fidia. Vita vya Iraki vilikuwa vimeshaanza.

Kilichobaki kwa katibu

Hata hivyo nisingependa msomaji aondoke akidhani ofisi hizi ni mapambo. Dag Hammarskjöld wa Sweden alichaguliwa Katibu Mkuu 1953 kwa kudhaniwa kuwa mtumishi mtulivu asiyesumbua. Mtangulizi wake, Trygve Lie, alikuwa amesusiwa na Urusi ya Kisovieti kiasi kwamba walimchukulia kama hayupo, mpaka akajiuzulu. Hammarskjöld akaifanya ofisi ile kitu kingine. Mwaka 1956, Uingereza, Ufaransa na Israeli zilipoivamia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, yeye na Lester Pearson wa Kanada walisaidia kuunda kikosi cha kulinda amani kwa muda wa siku chache tu, jambo ambalo halikuwa limeandikwa kwenye kifungu chochote cha Mkataba.

Mwaka 1960 mgogoro wa Kongo ulimgombanisha na Nikita Khrushchev, aliyesimama mbele ya Baraza Kuu akamtaka ajiuzulu na ofisi yake igawiwe watu watatu. Tarehe 3 Oktoba Hammarskjöld alijibu. Alisema kujiuzulu ni rahisi, kubaki ndiko kugumu, na kwamba si mataifa makubwa yanayohitaji Umoja wa Mataifa uyalinde, bali ni hayo mengine yote. Angebaki kwa ajili yao, maadamu wanataka. Ukumbi ulisimama ukampigia makofi marefu, huku Khrushchev akigonga meza kwa ngumi. Na alibaki, kwa kuwa Mkataba hauna kifungu cha kumfukuza Katibu Mkuu kabla ya muhula wake kwisha. Turufu humngoja mwisho wa muhula. Kwake haikupata nafasi: usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege yake ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, akiwa njiani kwenda kutafuta usitishaji wa mapigano Katanga, jimbo la Kongo lililotaka kujitenga.

Muhula wa pili wa António Guterres ulipangwa kukoma tarehe 31 Desemba 2026. Tangu 2016 kuna hatua ya wazi katika kumtafuta mrithi: wagombea hufika mbele ya Baraza Kuu, huhojiwa hadharani, na nchi ndogo huuliza maswali mazuri. Baada ya hapo mlango wa Baraza la Usalama hufungwa, na karatasi hugawanywa, kumi za rangi moja na tano za rangi nyingine.